Kopo Jekundu la Babu Orrin

Kondoo hakuanguka.

Naanzia hapo kwa sababu ndipo jina langu jema lilipoanza kuteseka. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni, kwenye uwanja wa shabaha wa bonde letu la Lemhi, jimbo la Idaho, na kondoo mwenyewe alikuwa wa chuma, amesimama mbali juu ya tuta pamoja na ndugu zake wa chuma. Babu yangu, Orrin Thorsby, alimlenga kwa bastola yake ya magnamu, ile ya risasi nzito, akatulia, akafyatua. Tukasikia risasi ikigonga chuma, ting, safi kabisa. Katika historia ya uwanja ule, kondoo aliyegongwa na Babu Orrin huanguka chali papo hapo. Huyu alitikisika kidogo, akatulia, akaendelea na shughuli zake.

Verl Jeppson, jirani yetu na mshindani wa Babu tangu wote wawili walipokuwa na nywele, alishusha darubini yake.

"Orrin," akasema, "umempiga au umembishia hodi?"

Watu wakacheka. Babu akafyatua tena. Ting. Kondoo wa pili naye akatikisika, akabaki wima.

"Mpelekeeni kiti," Jeppson akasema. "Huenda amechoka kusimama."

Babu hakucheka. Aliweka bastola mezani, mdomo wake ukielekea kwenye tuta kama inavyotakiwa, akageuka polepole, akawapitia watu wote kwa macho, na macho yale yakaja kutua kwangu.

"Kuna mtu amechezea baruti yangu," akasema.

Nilikuwa nakula mkate wenye soseji. Nauliza kwa heshima zote: mtu akitazamwa na uwanja mzima huku haradali inamchuruzika kidevuni, atafanya nini ili aonekane hana hatia? Nilijaribu kutabasamu. Hilo lilikuwa kosa.

Ni kweli nina rekodi. Shule yangu ya bweni iko mbali, upande wa Boise, lakini habari zake hufika nyumbani kabla ya basi langu. Suala la mbuzi katika chumba cha walimu halijathibitishwa hadi leo, na mbuzi hajatoa ushahidi. Lakini mzaha wa mbuzi ni mzaha. Baruti si mzaha, na kila mtu aliyelelewa katika banda la Babu Orrin anajua hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sisi hatununui risasi dukani. Tunazijaza wenyewe. Maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa tunayaosha na kuyatumia tena. Vichwa tunavimimina wenyewe kutoka sufuria ya madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Kisha tunapima baruti kwa mizani midogo, tunaimimina katika ganda, tunatia kichwa, tunaukandamiza mdomo, basi. Kazi yote ni ya amani mpaka ufike kwenye kuchagua baruti. Hapo watu wa bonde hili hugombana kuliko wanavyogombana juu ya siasa na makanisa.

Makopo tunayaita kwa rangi za lebo zake. Nyekundu huwaka taratibu, na huwekwa nyingi mpaka ganda linakaribia kujaa. Kijani huwaka haraka, huwekwa kidogo tu, na pigo lake ni jepesi. Bluu iko katikati, na ndiyo anayoitumia Jeppson, ambaye hupenda kukaa katikati ya kila jambo kisha akakulaumu kwa kuwa pembeni.

Babu alikuwa mtu wa Nyekundu. Alikuwa mhubiri wake. "Kichwa cha risasi ni laini," alikuwa akisema, "ni kama ng'ombe mzee. Ukimpiga teke la ghafla ataharibika, atakuachia uchafu wa kijivu ndani ya mtutu mzima. Msukume. Taratibu, kwa nguvu, mpaka mlangoni." Jeppson akimjibu kwamba Kijani kidogo chini ya kichwa laini huacha mtutu safi kama kijiko, Babu humwambia kwamba Kijani ni poda ya kumpaka mtoto mchanga baada ya kuoga.

Na sheria za banda zilikuwa chache. Kopo moja tu mezani kwa wakati mmoja. Simu zinazimwa. Na ile kubwa kuliko zote: baruti haihami kopo lake. Kamwe. Kwa sababu mtu akisoma lebo nyekundu, akapima kiasi cha Nyekundu, na kumbe ndani mna Kijani, bastola itapasuka mkononi mwake na vidole vyake vitatafutwa kwenye nyasi.

Kwa hiyo Babu aliposema kuna mtu amechezea baruti, hakusema neno dogo.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni mwa banda akatoa ufunguo, akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Britta," akasema, "nilikuahidi kwamba mwezi wa Agosti utapiga shabaha pamoja na watu wazima."

"Ndiyo, Babu. Kwa risasi nilizojaza mwenyewe."

"Nikigundua ni wewe, hutakanyaga humu tena. Sisemi kiangazi hiki tu. Nasema milele."

"Babu, si mimi."

"Hata mbuzi hakuwa wewe."

Nilitaka kulia, na mimi silii ovyo. Banda lile ndilo mahali pekee duniani ambapo mtu mzima aliwahi kunikabidhi kitu kinachoweza kulipuka na kuniambia, nakuamini. Nikaamua kumtafuta mhalifu mwenyewe.

Nilianza na Shangazi LaRue, binti mkubwa wa Babu, tunayeishi naye nyumba moja. Shangazi ni mkuu wa maktaba ya mji, na anaamini kwamba bastola zilibuniwa makusudi ili kumsumbua yeye. Nilimkuta jikoni akikata viazi.

"Shangazi, kama mtu angetaka Babu aache shabaha, angefanya nini?"

"Angemwambia."

"Na kama ameshamwambia?"

"Angemwambia tena." Akaacha kisu. "Britta, umefanya nini?"

"Mimi ndiye ninayeuliza maswali, Shangazi."

"Mimi ndiye ninayepika. Chagua vizuri."

Nikamwondoa kwenye orodha ya kichwani mwangu, lakini kwa penseli, si kwa wino.

Aliyebaki alikuwa Jeppson. Jeppson alikuwa na sababu: miaka yote amekuwa wa pili. Jeppson alikuwa na nafasi: kila Alhamisi huja bandani na wazee wengine, wao wakanywa kahawa na yeye akanywa maji ya limau, kwa sababu kanisa lake linakataza kahawa. Zaidi ya hayo, Jeppson ana sharubu zinazoficha mdomo, na huwezi kujua kama anatabasamu. Alhamisi ile nilikaa juu ya ndoo karibu na mlango, mbele ya macho ya Babu kama mahabusu, nikazitazama sharubu.

Wazee wengine walipoondoka, Jeppson alibaki.

"Orrin, Bluu yangu imekwisha," akasema. "Rafu zimekauka kila duka kutoka hapa mpaka Idaho Falls. Nimegee Nyekundu nimalizie mwezi."

Kwetu hilo si ombi, ni taarifa. Maduka yakikauka, aliye na kopo humpa asiye na kopo, kopo zima na lebo yake, na siku mambo yakikaa sawa hurudishiwa. Sijawahi kuona mtu akikataa.

"Sina," Babu akasema.

Kopo lilikuwa rafuni nyuma ya kichwa chake, jekundu kama gari la zimamoto.

"Mbona naliona?"

"Hilo ni la kutazama."

"La kutazama! Tangu lini baruti ikawa picha ya harusi?"

"Verl, nimesema sina."

"Nilipovunjika mguu ulinipa kopo ambalo hata hukuwa umelifungua. Leo umekuwaje?"

"Siku hizo sikuwa na mwizi nyumbani," Babu akasema, akanitazama mimi.

Jeppson akaweka bilauri yake mezani na limau ingali nusu. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake, kwa adabu, na pia kwa upelelezi.

"Binti," akaniambia, "babu yako ananificha kitu."

"Hata mimi ananificha, Mzee Verl."

"Watu wanasema ni wewe uliyeiharibu baruti yake."

"Watu wanasema pia ni wewe."

"Nani anasema?"

"Mimi."

Sharubu zikatikisika. Hata leo sijui zilikuwa zinafanya nini. Akaingia garini, akaondoka, na mimi nikabaki barabarani nikimshuku mtu mpya kabisa. Mtu aliyeibiwa hupiga kelele, hukagua, huwaita wenzake waje waone. Babu hakulifungua kopo lile mbele ya mtu yeyote. Hakumwonyesha Jeppson. Hakunionyesha hata mimi, mhalifu mwenyewe.

Nafasi ilinijia Jumanne. Babu alikwenda mjini kwa kinyozi. Shangazi LaRue ana ufunguo wa akiba, akafungua banda ili atoe chupa zake za kuhifadhia jemu, akaenda nazo jikoni akaacha mlango wazi, maana alikusudia kurudi. Mimi nilikuwa napita. Miguu yangu hupita mahali pengi.

Nilijua nimekatazwa. Niliingia. Nikashusha kopo jekundu, nikamimina punje chache juu ya karatasi nyeupe, nikachukua lenzi ya Babu.

Punje za Nyekundu ni viduara vidogo, kama mchanga mwembamba. Kijani nayo ni viduara, rangi ileile, lakini vimebonyezwa kidogo, kama mtu amevikalia. Kwa macho matupu na mwanga hafifu unaweza kukosea. Kwa lenzi huwezi. Nilitazama, nikafuta lenzi kwa shati, nikatazama tena. Zote zilikuwa zimekaliwa.

Nikafunga kopo, nikalirudisha, nikakaa juu ya ndoo yangu kufikiri. Kuna mtu ametia Kijani katika kopo la Nyekundu. Sawa. Lakini kama mtu huyo alifanya hivyo bila Babu kujua, Babu angepima kiasi kile kikubwa cha Nyekundu, na Jumamosi ile bastola ingepasuka. Haikupasuka. Iligonga kondoo kwa upole, hodi hodi. Kwa hiyo aliyepima alipima kidogo, kiasi cha Kijani. Aliyepima alijua kilichomo. Na katika banda lile mpimaji ni mmoja.

Babu yangu, mhubiri wa Nyekundu, ndiye aliyevunja sheria kubwa kuliko zote, kisha akanitwika mimi kosa lake mbele ya uwanja mzima. Na sikuweza kusema lolote, kwa sababu ili niseme, ilinipasa kwanza kukiri kwamba nimeingia na kufungua kopo. Nilitoka nje nikaenda kukaa kando ya mfereji wa maji kuyapanga maneno. Kila nilivyoyapanga, yalimalizika na mimi nikiwa nje ya banda.

Niliporudi, Shangazi alikuwa akinawa mikono, mwenye furaha.

"Nimesafisha aibu ya nyumba hii," akasema. "Baba kumnyima Verl! Mtu aliyebeba jeneza la mama. Nimempelekea viazi vya jibini, na lile kopo lake jekundu."

"Shangazi. Lipi?"

"Lenye lebo nyekundu, Britta. Najua kusoma. Alilitaka la Nyekundu, nimempa la Nyekundu. Mbona umekuwa hivyo?"

Nilimpigia Jeppson simu. Imezimwa. Bila shaka imezimwa. Mtu akikaa kujaza risasi huzima simu, na sasa alikuwa na baruti ya kujazia.

Gari la Babu lilikuwa limesharudi. Nilimkuta barazani nyuma ya nyumba, nywele chache alizobaki nazo zimekatwa upya, mikono yote miwili imefunikwa kwa mfuko wa njegere zilizogandishwa, kama barafu. Aliponiona akauvuta mfuko chini ya kofia.

"Babu, Shangazi amempa Mzee Verl kopo jekundu."

Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo shingoni.

"Na mimi najua mna Kijani. Nimelifungua. Nimeangalia kwa lenzi."

Niliona rangi ikimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Hakuniuliza kwa nini nimeingia. Alisimama, njegere zikaanguka, akaenda kwenye gari, na mimi nikapanda upande wa pili kabla hajasema nisipande. Njia nzima ya changarawe alikuwa anasikiliza. Mimi pia. Tulikuwa tunasikiliza mlio mmoja, na nilikuwa naomba nisiusikie.

Mlango wa karakana ya Jeppson ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa mezani pake. Bastola ilikuwa mbele yake, silinda imetolewa kando. Kopo jekundu lilikuwa pale. Na mbele yake kabisa kulikuwa na sahani nyeupe yenye kijiko kimoja cha baruti, na lenzi juu yake.

Hakuinuka.

"Karibu, Orrin. Nilikuwa najiuliza kama utakuja kutazama kazi yako, au utangoja uisome gazetini."

"Hujajaza?" Babu akauliza.

"Huwa naangalia kabla ya kujaza. Ulinifundisha wewe." Jeppson alikunja mikono kifuani. "Tumesoma darasa moja. Nimekula kwako, umekula kwangu. Alhamisi unaninyima baruti. Leo naletewa, imefungwa vizuri, pamoja na viazi vya jibini, na ndani mna kitu cha kuning'oa mkono. Nimekaa hapa nafikiri, na kila jibu ninalolipata ni baya. Nipe wewe lililo zuri."

Babu akanigeukia.

Nataka ieleweke nilichokiona wakati ule. Niliona mlango mkubwa uliofunguliwa kwa ajili yake. Alichohitaji ni kunyoosha kidole. Bonde zima lingeamini kabla ya chakula cha jioni. Wengine wangesema walijua tangu mbuzi. Jeppson mwenyewe alikwisha kunitazama, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea, kama mtu aliyepata jibu analoweza kulivumilia.

"Mtoto huyu," Babu akaanza.

Nilishikilia ukingo wa meza.

"Mtoto huyu ndiye aliyenikimbilia kuniambia. Kopo ni langu, Verl. Kijani nimeitia mimi."

"Kwa nini?"

Babu akanyoosha mikono yake juu ya meza, karibu na sahani. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba, na dole gumba la kulia halikukunjika.

"Nyekundu inanishinda," akasema. "Ikipiga, naona nyota. Nilitaka kuipunguza, lakini unaijua ilivyo. Ukiipunguza sana inawaka kwa kusuasua, kichwa kinakwama mtutuni. Haina upole hata kidogo. Basi nikachukua Kijani."

"Ungeichukua katika kopo lake."

"Na kila Alhamisi mnakuja kukaa chini ya rafu ile. Mngeliona kopo la kijani."

"Tungeliona," Jeppson akasema, "na ningekucheka mpaka Krismasi. Ndiyo. Kisha?"

Babu akaivuta mikono yake kutoka mezani.

"Ulininyima kama mchoyo, Orrin. Ungeninyima kama mgonjwa ningekwenda zangu na vidole vyangu vyote. Na binti je?"

"Nilimsingizia."

"Unaniambia mimi?"

Babu akanigeukia tena, na safari hii alinitazama kama mtu anayetazama mizani. "Britta, nilikusingizia. Nilijua si wewe tangu mwanzo."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeiandaa kando ya mfereji, ilikuwa na sehemu nzuri sana kuhusu haki. Yote ilipotea. "Sawa, Babu," nikasema.

"Lakini nilikukataza kuingia."

"Ndiyo."

"Ukaingia."

"Ndiyo."

Jeppson alimpa Babu sahani na kopo, akatuongoza nje. Baruti isiyoaminika haitunzwi wala haitupwi jalalani. Humwagwa kidogo kidogo juu ya nyasi, nazo huipenda kuliko mbolea. Babu alitembea bustani nzima ya Jeppson akimwaga, ameinama, huku mwenye bustani akimwelekeza sehemu zilizofifia. "Pale pia. Usiruke pembeni. Poda ya mtoto mchanga hiyo, haitakuumiza." Kopo lilipokuwa tupu Babu akalikwangua lebo kwa kisu, akalikanyaga mpaka likawa bapa.

"Na banda?" nikauliza. Sikuweza kungoja zaidi.

Babu akashika ufunguo shingoni. Aliniangalia, akamwangalia Jeppson.

"Usinitazame mimi," Jeppson akasema. "Mmoja kahamisha baruti, mwingine kafungua alichokatazwa. Ningekuwa mimi, ufunguo ule nisingempa hata mmoja wenu. Na bado sijakusamehe, Orrin. Utajua siku nikikusamehe, nitakuja kunywa limau."

Alhamisi iliyofuata hakuja. Ile ya pili pia hakuja.

Ufunguo ulikwenda kwa Shangazi LaRue. Ni Babu mwenyewe aliyempa, mezani, kati ya supu na nyama, bila maelezo marefu. Tangu siku hiyo mimi na Babu tunasimama mlangoni mwa banda kama wateja, na Shangazi anafungua, amevaa aproni, anatangulia ndani. Babu anajaza Kijani, waziwazi, kwa ajili ya kuku wa chuma walio karibu, ambao huanguka kwa chochote. Mimi najaza za kondoo, kwa Nyekundu iliyopatikana mpya dukani, na Agosti inakaribia.

"Hili ni nini?" Shangazi anauliza, akiinua kopo.

"Kijani, LaRue," Babu anasema.

"Lebo inasemaje?"

"Kijani."

Anafungua, anachungulia kwa lenzi, anakunja uso kwa muda mrefu. Juzi Babu alininong'oneza kwamba mwanamke yule hajui hata punje moja ya baruti.

"Ndiye mtu pekee katika familia hii aliyesoma lebo akaiamini," nikamjibu.

"Nyamazeni huko," Shangazi akasema. "Na hilo lingine litoeni mezani. Moja moja."